Pete ya Shaba Juu ya Ubao

Fundi Mulwa, jirani yangu hapa Sultan Hamud, alipaka milango vanishi juzi akaisimamisha kwenye jua mbele ya stoo yangu ya ndengu. Mimi nilikuwa kizingitini na ungo mapajani, nikiangalia kama ndengu za mteja mmoja zina wadudu. Harufu ile ikanifikia na mikono ikasimama. Sikufikiria milango hata kidogo. Nilisikia kitu hapa utosini, kitu laini cha mbao, kinateremka polepole mpaka kikagusa nywele.

Ninyi wa rika langu mtanielewa. Watoto wa siku hizi wanaingia shule na cheti cha kuzaliwa. Sisi tuliingia na mkono. Unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ukilishika sikio la kushoto, basi wewe ni mwanafunzi. Usipolishika, rudi nyumbani ukachunge mbuzi, uje mwaka ujao. Hakuna aliyekuuliza ulizaliwa lini, na angekuuliza ungemwambia nini? Ulizaliwa wakati wa nzige. Mimi nililishika kwa kuinamisha shingo kidogo, na mwalimu akajifanya anaangalia mahali pengine. Kwa hivyo tangu siku ya kwanza nilijua jambo moja kuhusu shule: mlango wake unafunguliwa na mwili. Shikeni hilo, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Shule yetu ilikuwa kule milima ya Mbooni, juu ya soko la Kikima, mahali ambapo asubuhi ya baridi ukungu unaingia darasani kama mwanafunzi mwingine. Nikiwa darasa la kwanza, wageni wakaja na gari la kijivu. Alikuwa mama mmoja mwembamba wa miwani, ambaye sisi wote tulimwita Madamu, na dereva wake Mutisya, Mkamba wa huku kwetu, mwenye sauti kubwa na tumbo dogo. Wazazi waliitwa wakaketi kwenye nyasi.

"Tumechagua baadhi ya hawa watoto," Madamu akasema. "Tutawafuata mwaka baada ya mwaka, mpaka wamalize shule."

Mzee Nzioka, ambaye hakujua kunyamaza, akainua fimbo. "Muwafuate wamefanya nini?"

Watu wakacheka. Madamu naye akacheka, na hapo nikampenda.

"Hawajafanya kitu, mzee. Tunataka kujua nani anaendelea na nani anaachwa njiani, na kwa nini."

"Si ungeniuliza mimi? Wangu wote wataachwa njiani, na ni kichwa cha mama yao."

"Na miguu ni ya nani?" mke wake akamjibu kutoka kwa wanawake. "Wanatembea kama wewe, pole pole kama mtu anaenda kulipa deni."

Basi mkutano ukaishia kwa kicheko, na ukiniuliza mimi, wazazi wengi walirudi nyumbani bila kuelewa zaidi ya hapo. Mimi nilikuwa mmoja wa waliochaguliwa. Kwa nini mimi na si mwingine, sijui mpaka leo.

Mutisya akautoa ubao kwenye gari. Ulikuwa mrefu, unamfikia mwalimu wetu kidevuni, umepakwa vanishi ukang'aa kama chai ya rangi, na namba nyeusi zinapanda kando yake kama siafu. Kulikuwa na kipande cha mbao kinachoteremka. Unavua viatu, kama unavyo, unasimama visigino nyuma, Madamu anashusha kile kipande mpaka kinakugusa kichwa, anasema namba, Mutisya anairudia kwa sauti kama anatangaza mnada. Halafu unakaa na Madamu kwenye benchi unasoma kadi yenye hadithi ya kuku na mwewe, unajibu maswali. Mnakunywa chai na nini? Nani anakuamsha asubuhi? Nyumba imeezekwa na nini? Mwishowe unapewa penseli mpya.

Na juu kabisa ya ubao, pale namba zinapoishia, palikuwa na pete ndogo ya shaba. Ilikuwa imeng'arishwa na mikono. Jua likiipiga, unaiona kutoka upande wa pili wa uwanja.

Nilipofika nyumbani nikamwonyesha nyanya yangu jinsi nilivyopimwa. Huku kwetu nyanya ni Susu, na mimi nina jina lake, kwa hivyo mbele yake nilikuwa kama mtu mzima. Nikalaza kiganja juu ya kichwa changu. Susu akaacha kusuka kiondo.

"Nani amekulazia mbao kichwani?"

"Madamu. Ananipima."

"Anakupima wewe ni mbuzi?"

Wakamba mnajua. Mbuzi unaonyesha urefu wake kwa kulaza kiganja. Mtoto wa mtu unasimamisha vidole juu, ili aendelee kukua. Ukimlazia kiganja umemwambia akome hapo hapo. Susu akanisimamisha katikati ya uwanja, akatema mate kidogo kifuani pangu ya kunibariki, akaweka mkono wake kichwani na kuuinua, vidole vikiangalia mbinguni, akauinua mpaka akasimama kwa ncha za vidole vya miguu. "Haya," akasema. "Nimeufungua urefu wako." Na kila mwaka ubao ulipopita, Susu alinisubiri nyumbani kuufungua. Kanisani alikuwa mama wa maombi, lakini jambo hilo hakumwachia mchungaji.

Mimi sikuogopa ubao. Mimi niliutamani. Kwa akili yangu hesabu ilikuwa rahisi: mkono ulifika sikioni, nikaingia darasa la kwanza. Basi kichwa kikifika kwenye ile pete, nitaingia shule ile kubwa, ya bweni, wanakotoka wasichana wenye sweta na sanduku la chuma. Na gari ndilo litanipeleka. La sivyo, kwa nini watu watoke Nairobi kila mwaka kuangalia kama umefika? Hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Hakuna aliyenikataza pia, kwa sababu sikumuuliza mtu. Jambo zuri namna hiyo ukilitaja unaweza kuliharibu.

Kwa hivyo nilikazana na kukua. Nilikula isyo, mahindi na maharagwe, mpaka mama akanificha sufuria. Nilijining'iniza kwenye boriti ya boma la ng'ombe. Darasani nilikuwa wa kati, sikuwa mjinga na sikuwa moto. Lakini kwa urefu niliwashinda wavulana, na nilipoona wengine wanakesha na jedwali la kuzidisha niliwahurumia.

Nikiwa darasa la nne mvua zikatukosa, msimu mmoja halafu mwingine. Baba alikuwa kibarua Mombasa na habari zake zikawa chache, kisha zikaisha. Mama akaanza kwenda kuchota maji mbali sana, na kulikuwa na mtoto mchanga wa kubebwa. Akaniita jikoni.

"Utakaa nyumbani kidogo. Shule haina miguu, haitakimbia."

"Sawa, mama," nikasema.

Akanishangaa. Alikuwa amejiandaa kwa machozi. Alinishika kidevu akaniangalia machoni kama mtu anayetafuta homa. Hakujua kwamba mimi naona darasa ni njia ya wale ambao hawana ubao. Mimi nilikuwa nimeshachaguliwa. Nilifua yunifomu, nikaikunja, nikaiweka kwenye mfuko wa karatasi, nikaning'iniza mfuko kwenye msumari mahali ambapo panya hafiki.

Wakaja, kweli. Shuleni waliambiwa nimeacha, wakateremka kwa miguu kupitia matuta ya shamba mpaka kwetu, Madamu mbele anateleza na viatu vyake, Mutisya nyuma na ubao kichwani. Susu akawaona kutoka mbali.

"Nani amekufa?" akaita.

"Hakuna, nyanya! Ni sisi wa kupima!"

"Basi shusha hilo jeneza kabla hujaingia kwangu."

Mimi furaha ilinijaa mpaka masikio. Wamenifuata nyumbani! Wanaosoma wanapimwa shuleni, mimi napimiwa kwetu, mbele ya kuku wetu. Ubao ukaegemezwa kwenye ukuta wa ghala. Nikasoma ile kadi ya kuku na mwewe, nikakwama mahali ambapo mwaka uliopita sikukwama. Madamu alivua miwani akaifuta.

"Kwa hivyo sasa husomi," akasema.

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Nikue."

Akatabasamu, akaandika. Sijui aliandika nini. Mutisya akafunga ubao na kamba, wakapanda tena ule mlima, na mimi nikawasindikiza mpaka njia panda nikiwa nimebeba mtoto mgongoni. Sikuhuzunika. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba kati ya kichwa changu na pete hapakubaki pengo kubwa.

Baada ya hapo nikaletwa huku chini, Sultan Hamud, kufanya kazi ya nyumba kwa mama mmoja mwenye duka kando ya barabara. Mama Syombua. Alikuwa anauza kila kitu, mafuta ya taa, majani ya chai, kamba, na alikuwa na mdomo kama honi ya lori. Hakunipiga. Alinilisha vizuri. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia msichana ameajiriwa wanataka kusikia mateso, na mimi sitaongeza chumvi ili hadithi iwe tamu. Nilipika, nilifua, nilibeba watoto, na saa za jioni nilipimia watu sukari dukani. Mfuko wangu wa karatasi nilikuja nao. Nikauweka chini ya kitanda.

Joto la huku na chakula cha Mama Syombua vilinivuta juu kama mtama wa mvua. Sketi zikawa fupi. Kila asubuhi nikifagia nilijipima kwa fremu ya mlango wa duka, pale nilipokisia pete ingekuwa. Na nilikuwa na wasiwasi mmoja tu. Je, watajua nilipo?

Walijua. Siku moja ya soko gari la kijivu likasimama mbele ya duka, Mutisya akashuka, tumbo sasa kubwa, akapiga kelele: "Huyu hapa! Huyu hapa twiga wetu! Tumekutafuta Mbooni mpaka nyanya yako ametufukuza na mchi!"

Mama Syombua akadhani ni serikali. "Huyo ni mtoto wa dada yangu!" akasema haraka, ambayo haikuwa kweli.

"Hatuna ubaya, mama," Madamu akamwambia. "Tunamfuata tu."

"Amefanya nini?"

Madamu akacheka, nikakumbuka Mzee Nzioka na nyasi za shule.

Ubao ukasimamishwa kwenye nguzo ya duka. Wateja wakakusanyika. Nikavua ndala. Nikaweka visigino nyuma, nikanyoosha shingo, nikashikilia pumzi. Kipande cha mbao hakikuteremka. Madamu alikipandisha, akakipandisha, kikagonga shaba. Nilisikia mlio wake. *Ting*.

"Huyu amemaliza ubao," Mutisya akatangaza. Watu wakapiga makofi.

Sikungoja kadi ya kuku. Nilikimbia nyuma, nikatoa mfuko chini ya kitanda, nikapita katikati ya watu, nikafungua mlango wa gari, nikaingia kiti cha nyuma. Kiti kilikuwa cha moto kwa jua na kilinuka vumbi na vanishi. Nikauweka mfuko mapajani na kuangalia mbele.

Madamu akaja dirishani. "Unaenda wapi?"

"Shule," nikasema. "Si nimefika?"

"Umefika wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Ile pete.

Mutisya alianza kucheka, kisha akaona mfuko, na pembe ya yunifomu ya bluu iliyotokeza juu yake, yunifomu ya mtoto wa darasa la nne ambayo haingenipita hata mabegani. Akageuka akaanza kufunga ubao na kamba. Nilijua tayari. Mtoto anajua mapema kuliko anavyokubali.

"Kazi yangu ni kuangalia," Madamu akasema, pole pole. "Nani anaendelea, nani anaachwa. Ndio wenye kupanga shule wajue."

"Na huyo aliyeachwa?" nikauliza.

"Tunaandika kwamba ameachwa."

"Halafu?"

"Halafu tunarudi mwaka ujao, kuona."

"Huwezi kunirudisha?"

Akaweka mkono kwenye mlango wa gari. "Nikikurudisha wewe, nitakuwa nimekubadilisha. Sitakuwa nimekuangalia tena. Na wale wengine wote? Siwezi kubeba mmoja."

Sasa hivi naweza kumwelewa. Ukitaka kujua ndengu inakauka kwa muda gani juani, huwezi kuifunika kila wingu linapopita. Lakini siku ile nilimwona ni mtu amesimama kando ya kisima, anaangalia ndani na kuhesabu waliotumbukia.

"Wewe!" Mama Syombua akaita kutoka ndani. "Maharagwe yanaungua!"

Nikafungua mlango mwenyewe. Mutisya alinyoosha mkono kunisaidia, nikaupita. Nilishuka na mfuko wangu, nikaenda nikaepua maharagwe. Yalikuwa yameshika chini kidogo. Tuliyala hivyo hivyo.

Krismasi nikaenda nyumbani nikamweleza Susu yote. Nilidhani atalia nami. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Na ungefika huko shule ya bweni ungesema nini? 'Hodi, mimi ni mrefu'?"

Nikakasirika, kisha nami nikacheka, hasira na kicheko pamoja, mpaka makamasi. Alipotulia akasimama. Nilikuwa nimempita. Ilibidi apande juu ya kinu kilicholala pale uwanjani. Akaweka mkono kichwani pangu, akauinua, vidole juu. "Huo ubao umekwisha," akasema. "Wewe bado."

Kesho yake nilichukua ile yunifomu nikamkatia mdogo wangu, ikamtosha. Alisoma nayo.

Madamu alirudi miaka kadhaa zaidi, nikamjibu maswali yake kwa heshima, kisha gari likaacha kuja. Mimi niliendelea. Kutoka sukari ya Mama Syombua nikajua mizani, kutoka mizani nikajua ndengu, kutoka kwa debe moja la kukopeshwa nikafika kwa stoo hii mnayoiona, na magunia yangu yanaenda mpaka Makindu na mbele. Kusoma nilijifunza kwa Biblia na kwa risiti. Sikumwomba mtu ruhusa, na sioni haya kusema.

Nilidhani hadithi imekwishia hapo. Lakini mwaka huu, kabla Mulwa hajapaka milango yake, kijana mmoja wa Nairobi aliingia hapa na kompyuta ya mkononi. Mpole, viatu safi. Akataja shule yetu ya Mbooni. Akataja jina langu la kitoto, ambalo hata watoto wangu hawalijui.

"Tumeanza kuwatafuta wale wa kwanza, mama. Wengi wamepotea. Tumefurahi kukupata."

"Mimi sikupotea," nikamwambia. "Nilishuka garini."

Hakuelewa, na sikumlaumu. Nikamletea soda. Akauliza maswali, nikajibu. Ulisoma mpaka darasa gani? La nne. Kwa nini uliacha? Mvua. Alipokwisha kuuliza, nikamwambia nina swali langu, la zamani.

"Ule ubao wenu. Ile pete ya shaba juu ilikuwa ya nini?"

Akafikiri. "Uko ofisini kwetu mpaka leo. Ile pete? Ni ya kuutundikia ukutani, mama."

Nikacheka, Mulwa akatoka nje kuangalia kuna nini. Miaka yote ile. Ya kutundikia!

Wakati huo mjukuu wangu akaingia kutoka shule, binti wa mwanangu mkubwa, aliyepewa jina langu, sweta kiunoni, anauliza kama kuna chapati. Kijana akamwangalia, akaniangalia, nikaona macho yake yanawaka kama ya mfanyabiashara.

"Mama, sasa tunaandikisha na kizazi kinachofuata. Huyu tungependa kumfuata."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka amalize."

"Na akiachwa njiani?"

Kijana akashusha macho kwenye kompyuta yake. "Tunaandika, mama."

"Sawa. Mfuateni, mimi sikatai, kujua ni kuzuri. Lakini ukimpima, kwanza uniambie, nina kazi ya kufanya baadaye." Nikainua mkono juu ya kichwa cha mtoto, vidole juu. Yeye mwenyewe akanyoosha shingo, amezoea.

Kisha nikamwonyesha kijana nje, pikapu yangu nyeupe imesimama kivulini, magunia nyuma, vumbi la Kibwezi bado kwenye vioo.

"Na uandike hili pia, mahali popote penye nafasi. Huyu akiachwa, gari la kumrudisha liko pale. Na dereva ni mimi."